Kura Huanzia kwenye Mpaka

Mwaka 1963, kaunti ya Midland, magharibi mwa jimbo la Texas, ilikadiriwa kuwa na wakazi 70,000. Iliongozwa na makamishna wanne, kila mmoja akichaguliwa na wilaya yake ya uchaguzi, pamoja na mwenyekiti aliyechaguliwa na kaunti nzima, ambaye kwa mazoea alipiga kura pale tu makamishna walipogawanyika sawasawa. Wilaya moja, iliyobeba karibu mji wote wa Midland, ilikuwa na watu 67,906. Nyingine tatu, zote za mashambani, zilikuwa na watu 852, 828 na 414. Jumlisha hizo tatu: watu 2,094, chini ya asilimia 3 ya wakazi, walichagua makamishna watatu kati ya wanne. Hata kama kila kura ingehesabiwa kwa uaminifu mtupu, mji ulikuwa umeshindwa kabla ya siku ya uchaguzi.

Ili kuona uzito wa jambo hili, ni lazima kujua kaunti ya Marekani ni nini. Msomaji wa Kenya akisikia neno kaunti humjia akilini gavana upande mmoja na bunge la kaunti upande wa pili. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi hazikuundwa hivyo. Bodi ndogo, mara nyingi ya watu watatu au watano, hupanga kodi na kupitisha bajeti, na bodi hiyohiyo husimamia utekelezaji: barabara, jela, hospitali ya umma, misaada kwa maskini. Aliye na wingi wa viti katika bodi ya watu watano anahitaji sahihi tatu tu kuamua.

Wanabodi hao hupatikana kwa njia mbalimbali. Kuna kaunti ambako wapiga kura wote huchagua viti vyote. Hapo kundi lenye asilimia 51 linaweza kuzoa bodi nzima, na asilimia 49 wasipate hata mtu mmoja wa kuwasemea. Kuna njia ya mseto, inayotumika katika kaunti nyingi za Florida: mgombea lazima aishi katika wilaya fulani, lakini hupigiwa kura na kaunti nzima. Njia ya tatu ni ile ya wilaya kamili, ambapo kila eneo huchagua mtu wake. Mimi naiona hii ya tatu kuwa bora, kwa sababu mwananchi anajua mlango wa kubisha barabara yake inapoharibika. Lakini ndiyo njia inayompa mchora mipaka nguvu kubwa kuliko zote.

Mlipakodi mmoja wa Midland, Hank Avery, aliishtaki kaunti yake. Utetezi ulikuwa kwamba kazi kubwa ya makamishna ni barabara za mashambani, kwa hiyo ni halali watu wa shamba wasikike zaidi. Aprili 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya watatu, iliukataa utetezi huo. Jaji Byron White aliandika kwamba chombo chenye mamlaka ya jumla juu ya eneo lote hakiwezi kuchaguliwa na wilaya zinazopishana sana kwa idadi ya watu. Watu wa mjini nao walilipa kodi iliyopangwa na makamishna hao. Tangu hapo, kila baada ya sensa ya miaka kumi, kaunti zenye wilaya za namna hii hulazimika kuzipima upya, na tofauti inayozidi asilimia 10 kati ya wilaya kubwa na ndogo huhitaji maelezo mazito.

Usawa wa idadi, hata hivyo, hauponyi kila kitu. Huko Los Angeles, kaunti yenye watu wengi kuliko zote Marekani, malalamiko yalihusu mahali mistari ilipopita. Mwaka 1990 Jaji David Kenyon aliamua kwamba wasimamizi wa kaunti, yaani wanabodi wake, walipochora mipaka mwaka 1981, waliigawanya makusudi jamii ya Walatino ili kulinda viti vyao wenyewe. Mipaka ikachorwa upya, na Februari 1991 Gloria Molina akachaguliwa: Mlatino wa kwanza katika bodi hiyo kwa zaidi ya karne moja, na mwanamke wa kwanza kuingia kwa kuchaguliwa. Mgombea anapojichorea mipaka, ni sawa na mchezaji kupewa filimbi ya refa. Ndiyo maana leo mipaka ya Los Angeles huchorwa na tume ya wananchi 14. Wanane hupatikana kwa kura ya bahati nasibu, nao huwateua sita waliobaki.

Limebaki tatizo la ukubwa. Kwa sensa ya 2020 kaunti hiyo ilikuwa na watu takriban milioni 10 na wasimamizi watano, yaani mmoja kwa watu milioni mbili. Nairobi, yenye watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019, ina wadi 85, kila moja na mwakilishi wake. Novemba 2024 wapiga kura wa Los Angeles walikubali bodi iongezwe hadi viti tisa baada ya sensa ya 2030, na mkuu wa kaunti achaguliwe moja kwa moja kuanzia 2028. Hata tisa ni wachache mno, lakini ni hatua ya kweli.

Kwa Wakenya, jambo hili haliko mbali. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaitaka tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ipitie mipaka ya maeneo bunge kila baada ya miaka 8 hadi 12, na ya wadi mara kwa mara, tena kwa kushauriana na wanaohusika. Usingoje kampeni. Tume ikija kusikiliza maoni, nenda na majina ya vijiji vyenu na sababu za kukaa pamoja au kutengana. Uamuzi ukishatangazwa katika Gazeti Rasmi, mwananchi asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo lazima iamue ndani ya miezi mitatu.