Chembe Sahani Zinapoliwa (Sehemu ya 4): Nusu Lita ya Dk. Harrington

Tangu Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya tiba ilipokwenda kwa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, kila anayejua ninachoandika humu ananiuliza swali lile lile: kwa hiyo ule ugonjwa wa chembe sahani umepata dawa ya kuumaliza? Bado. Wenzetu hao wamezawadiwa kwa kugundua polisi wa jeshi walio mwilini, yaani seli zinazowadhibiti askari wa kinga wasipige raia. Katika ugonjwa wetu ulinzi huo umelegea. Kingamwili zinazitia alama chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na wengu unazimeza. Hayo tuliyamaliza sehemu ya pili.

Mimi habari za kinga kumgeukia mwenyewe hunirudisha St. Louis, Marekani, mwaka 1950. Mhariri ameshazoea, na msomaji mwenye haraka aruke aya tatu.

Wakati huo madaktari walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema uboho umechoka, hauzalishi chembe za kutosha. Wengine walisema uboho ni mzima, ila kuna kitu kinaziharibu chembe zikishaingia kwenye damu. Hawa wa pili walikuwa na hoja nzito tangu 1916, pale mwanafunzi wa udaktari mjini Prague, Paul Kaznelson, alipomshawishi profesa wake amtoe wengu mama mmoja wa miaka 36 aliyekuwa akitokwa damu kila mara. Wengu ukatolewa, chembe zikapanda. Mwanafunzi huyo! Kwetu mwanafunzi akimwambia profesa kiungo cha kukata ataulizwa kwanza kama amemaliza mitihani.

Bado ushahidi haukutosha. Ndipo William Harrington na mwenzake James Hollingsworth, madaktari vijana katika hospitali ya Barnes, walipoamua kujijaribu wenyewe. Ambaye damu yake ingeoana na ya mgonjwa ndiye angetiwa, na kura ikamwangukia Harrington. Akatundikiwa nusu lita ya damu ya mwanamke mwenye ugonjwa huu. Saa chache baadaye chembe sahani zake zilikuwa karibu kwisha. Akashikwa na kifafa, na vidoa vyekundu vikamtoka ngozini. Wenzake wakamchoma sindano katika mfupa wa kifua, wakatoa uboho na kuutazama kwa hadubini: viwanda vya chembe vilikuwa kazini kama kawaida. Baada ya siku tano hivi, chembe zikarudi. Matokeo yalichapishwa 1951, na waliokuwa wakiusingizia uboho uchovu wakapungua sauti. Leo hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu jambo hilo, na isiruhusu.

Kwa nini nawachosha na kisa hiki? Kwa sababu kilichomponya Harrington si kidonge. Kingamwili za kuazima zilipokwisha, uboho wake ulijaza pengo wenyewe. Viwanda vipo. Kazi ya dawa ni kuzuia ulaji wa chembe na kumvusha mgonjwa salama, si kupamba karatasi ya maabara. Kiwango cha kawaida ni chembe 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita ya damu, lakini mtu mzima mwenye 30,000 au zaidi, asiyetokwa damu, mara nyingi huangaliwa tu bila dawa. Watoto wengi hupona wenyewe. Hapo ndipo ndugu wanapomjia juu daktari: kipimo kiko chini, mbona humpi kitu? Na asipowapa, duka la dawa litawapa.

Dawa inayotangulia ni prednisoloni, na mwanzoni hutolewa kiasi cha miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60, kwa vidonge vya miligramu 5, hiyo ni vidonge 12 asubuhi, baada ya kula. Jirani yangu alinionyesha bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu "12 x 1". Alidhani mwandishi amekosea, akawa anameza 2. Fizi zilipozidi kuvuja alirudi kwenye 12, damu ikakata. Wiki ya tano, kwa kuwa amepona, akaacha ghafla. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, presha imeshuka, kusimama hawezi.

Hakurogwa. Juu ya figo zetu kuna tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Ukizilisha steroidi ya kutoka nje, kama prednisoloni, kwa wiki kadhaa, zinalala, na huamshwa taratibu kwa kupunguza vidonge kidogo kidogo. Upande wa pili, kuendelea miezi na miezi kunaleta sukari, presha, mifupa kudhoofu na maambukizi. Ndiyo maana miongozo ya 2019 ya chama cha wanahematolojia wa Marekani inataka kozi isizidi wiki 6, pamoja na siku za kupunguza. Na wale wanaouziwa deksamethasoni ili wanenepe, ndugu zangu, hiyo nayo ni steroidi ya jamii hiyo hiyo.

Nafasi inakwisha, mengine niyapitie mbio. Kabla ya kuanza dawa, pimwa VVU, homa ya ini B na C, na sukari. Mweleze daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usiguse; maumivu ni parasetamoli, na ukatae sindano za msuli mpaka daktari wako aseme. Anayetumia eltrombopagi, dawa nyingine ya ugonjwa huu, asiimeze na chai ya maziwa: maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma huifunga tumboni, hivyo imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 4 baada yake. Kichwa kikiuma kwa ghafla na kwa nguvu, au choo kikiwa cheusi kama lami, ni hospitali siku hiyo hiyo. Wajawazito nawawekea sehemu ya tano.

Nanyi mliomeza prednisoloni kwa zaidi ya wiki 3 na mnajisikia wazima, msiache leo. Chukueni bahasha yenu, mwende nayo kliniki, mkaandikiwe namna ya kushuka.