Rangi ya avio ina tarehe yake: C-130 za Kisangani, 1964

Mtu akionyesha makete ya avio ya vita, wengi wetu tunaangalia kwanza mabaka: kijani, kahawia, mchanga kidogo. Yakipendeza tunasema "iko sawa". Lakini kupendeza si kuwa sahihi. Rangi ya avio ya vita inajibu maswali matatu: ni avio gani, ya mwaka gani, iliruka wapi. Ukikosa jibu moja, makete yako inasimulia uongo.

Tuanze na kazi ya mabaka. Juu ya avio yanavunja umbo, ili anayeangalia toka angani asitofautishe mabawa na pori. Chini wanapaka rangi nyepesi, kwa sababu anayeangalia toka ardhini anaona avio mbele ya mbingu. Kwa hiyo mabaka yanafuata mahali: ya pori si ya jangwa, na ya jangwa si ya bahari.

Kisha kila rangi ina namba. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili. Udongo hatusemi tu "ni mwekundu". Tunafungua kitabu cha Munsell, tunaandika 5YR 4/6, na mwenzetu wa Yangambi na yule wa Nairobi wanaelewa kitu kimoja. Kwa avio za Marekani, kitabu cha namna hiyo kilikuwa Federal Standard 595, cha mwaka 1956. Chukua namba 34079: ile 3 inasema rangi haing'ai, 4 inasema ni kijani, na 079 inaonyesha kwamba ni ya giza. Mabaka ya Vietnam yalikuwa 34079, kijani kingine 34102 na mchanga 30219, na chini kijivu chepesi 36622. Njo maana kusema "kijani cha jeshi" peke yake haitoshi.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 24 Novemba 1964, alfajiri, C-130 za Marekani zilizotoka Kamina ziliangusha maparakomando wa Ubelgiji kwenye uwanja wa Simi-Simi. Operesheni iliitwa Dragon Rouge, na mji wetu ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Mateka waliuawa asubuhi ile, na Wakongomani wengi sana walikufa katika miezi ile, kabla na baadaye.

Leo kijana akitaka kutengeneza C-130 ya siku hiyo, mkono unakimbilia mabaka ya Vietnam, sababu ndiyo yanaonekana mara nyingi kwenye picha za avio hiyo. Ni kosa. C-130 za Dragon Rouge zilikuwa za rangi ya fedha, bila mabaka. Mabaka yalizifikia C-130 baadaye, vita vya Vietnam vilipopamba moto. Avio yenye mabaka juu ya Simi-Simi mwaka 1964 ni avio ambayo wazee wetu hawakuiona.

Na rangi ya fedha si kazi rahisi. Inaonyesha kila mkwaruzo, kwa hiyo piga msasa laini, osha na sabuni, acha ikauke kabisa, kisha paka tabaka nyembamba nyembamba. Kumbuka pia ukubwa: kwa kipimo cha 1/72, kuangalia makete kutoka nusu mita ni kama kuangalia avio yenyewe kutoka mita 36. Kwa mbali hiyo hewa inapunguza ukali wa rangi, njo maana rangi nzito wanaichanganya na nyeupe kidogo. Vumbi jekundu la uwanja, lichekeche kwa kitambaa laini kwanza. Punje moja ya mchanga kwenye makete itaonekana kama jiwe.

Angalizo la mwisho: usisome rangi kwenye picha nyeusi na nyeupe. Kijani na kahawia vinaweza kutoka kijivu kilekile. Tafuta kwanza tarehe ya picha.

Basi, kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya Simi-Simi, muulizeni mzee anayeikumbuka, muandike nyuma yake tarehe, mahali na alichokiona. Mfanye sasa, wazee wangali nasi.