Jicho la Mashine Halijui Kusema "Simjui"

Ukisimama mbele ya kazi ya sanaa iitwayo Level of Confidence, yaani kiwango cha uhakika, yenyewe ndiyo inayokutazama. Kamera inaunasa uso wako, kompyuta inaulinganisha na nyuso 43 za vijana wa kiume, kisha skrini inakuonyesha yule unayefanana naye zaidi. Pamoja na picha yake inatokea asilimia: kiasi ambacho mashine ina hakika kuwa wewe ndiye yeye.

Vijana hao walikuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, nchini Mexico. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2014 walitekwa mjini Iguala, hawakurudi tena kwao. Miezi sita baadaye, msanii Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa Mexico anayeishi Kanada, alizindua kazi hii. Alichukua teknolojia ambayo polisi huitumia kuwasaka watuhumiwa, akaituma iwatafute waliopotezwa.

Sasa tuone mashine inavyotazama. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba, na kila namba inaeleza mwanga wa nukta moja. Kwanza ni lazima ijue uso uko wapi. Njia maarufu, iliyotolewa na Paul Viola na Michael Jones mwaka 2001, hutafuta mpangilio wa giza na mwanga: sehemu ya macho huwa na giza kuliko mashavu, na mgongo wa pua hung'aa kuliko macho yaliyo pande zake. Uso ukishapatikana, inakuja kazi ya kumjua mwenyewe. Hapo uso hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba, kisha hupimwa umbali kati ya namba hizo na zile za nyuso zilizohifadhiwa. Aliye karibu zaidi ndiye anayetajwa.

Hapa pana jambo zito. Aliye karibu zaidi hakosekani. Hata kama wewe ni bibi wa miaka 60 kutoka Tanga, katika vijana 43 lazima awepo mmoja anayekukaribia kuliko wenzake 42. Mashine haijasema uongo. Imeulizwa nani anakaribia, ikajibu. Ili iweze kusema "simjui huyu," sharti binadamu aiwekee mpaka: chini ya asilimia fulani, usitaje jina. Anayeweka mpaka huo ni mtu, na anayeumia ukikosewa ni mtu pia.

Tena maumivu hayo hayagawanywi sawasawa. Joy Buolamwini, mtafiti na msanii mwenye asili ya Ghana, alikuwa katika chuo cha MIT, nchini Marekani, akitengeneza kioo cha kisanaa cha kupachika sura nyingine juu ya uso wa anayejitazama. Programu haikuuona uso wake mweusi mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na mtafiti mwenzake Timnit Gebru walichapisha utafiti uliopima mifumo mitatu ya kibiashara kwa picha za wabunge 1,270 wa nchi sita, Rwanda ikiwemo. Mifumo ilitakiwa kusema tu huyu ni mwanamke au mwanaume. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mwaka huohuo Buolamwini alitoa shairi la video, AI, Ain't I a Woman?, akaonyesha wanawake weusi mashuhuri wakisomwa kuwa wanaume. Takwimu ziliwafikia wataalamu. Shairi liliwafikia watu.

Ndiyo maana naithamini sanaa ya aina hii. Mfumo wa mpakani au wa benki hutoa jibu tu, na hesabu zake hatuzioni. Msanii anatuwekea hesabu hizo ukutani, uso wetu ukiwa ndani yake. Mbele ya kazi ya Lozano-Hemmer, kila mgeni anaonyeshwa uso wa kijana asiye yeye, na mashine inaendelea kuwatafuta watoto wa watu bila kuwapata.

Kwa hiyo siku utakapoambiwa kwamba kamera imekutambua, uliza mambo matatu: imenilinganisha na nani, kwa asilimia ngapi, na nani aliyeamua kwamba asilimia hiyo inatosha? Kufanana ni kufanana tu. Hakujawa ushahidi.