UGANDA: ANAYERUDI NYUMBANI KWA FUJO AZUIWE KWA SHERIA



Katika kambi za mashamba ya miwa na ya chai nchini Uganda liko tatizo tulijualo sote. Mume na mke wametengana, mmoja amehama, lakini usiku anarudi kupiga mlango, kutukana na kutisha watoto. Wanaoteswa hivyo wengi ni akina mama, ingawa wanaume nao wamo. Kukodi vijana wampige si dawa. Ni kosa litakalomfikisha mahabusu yule aliyeonewa. Dawa imo katika Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010.

Sheria hii haihesabu kipigo peke yake. Vitisho, matusi ya kila mara na kumnyima mtu fedha za matumizi ni ukatili pia. Tena inawahusu hata waliokuwa wameoana zamani. Kwa hiyo asiwepo wa kukuambia, “Mmekwisha kuachana, hiyo si kesi.”

Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni mahakama ya baraza la kijiji, yaani LC. Hiyo yaweza kuonya, kutoza faini au kuamuru fidia. Lakini mtu akirudia kosa, au akionekana atadhuru tena, baraza linatakiwa kupeleka shauri kwa polisi na kwa hakimu. Wazee wasiendelee kusuluhisha tu huku mtu anaumia.

Ya pili ni polisi. Askari anapaswa kukuandikia maelezo, kukusaidia upate matibabu na mahali salama, na kukueleza haki zako. Mama akitaka kuandikiwa na askari mwanamke, aseme. Anayetaka kumshtaki mkosaji kwa jinai, hapo ndipo pa kuanzia.

Ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu ya kumweka mtu mbali, ni kumwomba hakimu amri ya ulinzi. Hatari ikiwa karibu, hakimu aweza kutoa amri ya muda hata kabla mshtakiwa hajasikilizwa. Amri yaweza kumkataza asiingie katika nyumba mliyoishi pamoja, wala asikufuate kazini. Akiivunja, anatenda kosa na aweza kukamatwa. Nakala yake itunzeni, na nyingine ipelekwe kituo cha polisi cha karibu.

Ifahamike kwamba amri hiyo haivunji ndoa wala haigawi mali. Hayo yana kesi zake.

Sasa liko jambo linalotuhusu sisi hasa. Nyumba nyingi za kambini hupewa mfanyakazi kwa sababu ya kazi yake. Amri inamfunga mtu aliyetajwa ndani yake. Haimfungi mwajiri mwenye nyumba. Mume aliyeandikwa kwenye nyumba akizuiwa kuingia au akiacha kazi, meneja aweza kuidai, na mama na watoto wakajikuta nje. Hapo chama kina kazi. Katibu wa tawi aonane na meneja mapema, kabla barua ya kuhama haijaandikwa, aombe nafasi kwa familia hiyo. Mama akiwa mwenyewe ni mfanyakazi wa shamba, aombewe nyumba kwa jina lake.

Wajumbe wa matawi, mama akija kwenu na shida hii, msimwambie avumilie. Mmoja wenu afuatane naye hadi kwa hakimu.