Dirisha la Mbao la Mji wa Kale: Litengeneze Kabla ya Kuling'oa

Ukipita Ndia Kuu na vichochoro vinavyoteremka kuelekea bandari ya zamani ya Mombasa, utaona madirisha marefu ya mbao yenye vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari. Mengi yamekaa hapo miaka mia moja au zaidi. Mengine yameanza kulegea: bawa limeinama, vibao vimetoka, bawaba imeliwa na kutu. Wenye nyumba wengi wakiona hali hiyo huamua kung'oa dirisha zima na kuweka la alumini. Mara nyingi uamuzi huo hauhitajiki, kwa sababu dirisha linaloonekana limekwisha huwa limeharibika sehemu moja au mbili tu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua ugonjwa wa dirisha, kazi ambayo fundi seremala anapaswa kufanya, na mambo ya usalama ambayo mwenye nyumba na mpangaji wanapaswa kuyasimamia.

Kwa nini dirisha hili lina faida

Vibao vya mshazari vinapitisha upepo huku vikizuia jua na mvua. Jua hukatwa nje, kabla joto halijaingia chumbani. Dirisha la kioo hufanya kinyume: mwanga hupenya, chumba kikapata joto, kisha feni ikalazimika kuzunguka mchana kutwa. Isitoshe, dirisha la alumini la kusukuma kando lenye vioo viwili hufunguka nusu tu, ilhali la mbao hufunguka lote. Aliye ndani naye huweza kuona njiani bila yeye kuonekana, jambo ambalo watu wa Pwani wamelithamini tangu zamani.

Maradhi yanaanzia wapi

Bawa la dirisha hutengenezwa kwa mbao mbili za kusimama na mbao kadhaa za kulala. Mbao hizi huungana kwa ulimi na tundu, kisha hukazwa kwa kijiti cha mbao kilichopigwa katikati. Vibao vya mshazari huchomekwa kwenye mifereji iliyochongwa upande wa ndani wa mbao za kusimama.

Maji ya mvua huteremka na kukusanyika chini. Ncha ya ubao, pale msumeno ulipokata, hunyonya maji kuliko ubavu wake. Ndiyo maana uozo huanza karibu kila mara kwenye pembe za chini, pale ubao wa kulala unapokutana na ule wa kusimama. Kiungo kikilegea, bawa huinama, bawaba hubeba uzito usio wake, na skurubu hung'oka.

Sababu ya pili ni chumvi ya bahari. Skurubu na bawaba za chuma cha kawaida hushika kutu upesi, kutu hufura, na mbao hupasuka. Sababu ya tatu ni mchwa, ambao hupanda kupitia ukutani na kuila fremu kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki nzima. Sababu ya nne ni saruji. Kuta za nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Fremu ikizungushiwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa nyuma yake na mbao huoza bila kuonekana.

Jinsi ya kulipima dirisha

Chukua bisibisi nyembamba uchome pole pole pembe za chini za bawa na miguu ya fremu. Mbao nzima hukataa ncha. Mbao iliyooza huipokea kama sabuni. Gonga fremu kwa kidole: sauti ya uwazi ni dalili ya mchwa. Kisha pima bawa kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukatiza. Vipimo viwili vikitofautiana, bawa limeinama na viungo vimelegea.

Ikiwa uozo umeshika pembe tu, bawa linatengenezeka. Ikiwa mbao za kusimama zimeoza kwa urefu wake wote, hapo ndipo bawa jipya linapohitajika, lililochongwa kwa vipimo vya lile la zamani.

Kushusha bawa: hapa pana hatari

Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na chini ya dirisha hupita watoto, wachuuzi na mikokoteni. Bawa la msaji ni zito. Likimponyoka fundi kutoka ghorofa ya pili linaweza kuua.

Kazi hii ifanywe na watu wawili au zaidi, wakiwa ndani ya chumba. Kabla skurubu ya kwanza haijalegezwa, bawa lifungwe kamba imara, na mwisho wa kamba ufungwe kwenye kitu kisichosogea. Mtu mmoja asimame chini kuzuia wapita njia. Kila bawa liandikwe alama nyuma yake, kwa kuwa madirisha ya zamani yalichongwa kwa mkono na bawa la dirisha moja halilingani na la jingine.

Ikiwa bawa lako linaning'inia hivi sasa na huna pesa za fundi, lifunge na ulikaze kwa kamba kutoka ndani leo hii. Matengenezo yanaweza kungoja. Anayepita chini hawezi kungoja.

Kazi ya fundi

Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Isichomwe kwa moto wala kupigwa msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe, ikwanguliwe juu ya karatasi ya plastiki, na maganda yote yakusanywe. Fundi avae barakoa, na watoto na akina mama wajawazito wakae mbali.

Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye mbao nzima, na mkato uwe wa mshazari mrefu, angalau mara tatu ya unene wa ubao, ili gundi ipate mahali pa kushika. Kipande kipya kiwe cha aina ile ile ya mbao, na nyuzi zake zifuate mkondo wa zile za zamani. Msaji na mvule hustahimili hewa ya bahari. Mbao laini za bei nafuu hazitadumu. Mbao kavu iliyotolewa kwenye mlango au fremu ya zamani mara nyingi ni bora kuliko mbao mbichi, ambayo itajikunja baada ya kufungwa. Gundi iwe ya kustahimili maji.

Vibao vilivyovunjika huchongwa upya kwa unene na mwinamo wa vile vilivyobaki, upande wa nje ukiwa chini ili maji yateremkie nje. Visitiwe gundi wala misumari kwenye mifereji yake: mbao hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na kibao kilichobanwa hupasuka.

Bawaba na skurubu mpya ziwe za brasi au za chuma kisichoshika kutu. Tundu la skurubu lililopanuka lizibwe kwa kijiti cha mbao chenye gundi kabla ya kutobolewa upya. Baina ya mabawa, na baina ya bawa na fremu, pabaki nafasi ya milimita tatu hivi. Ndoana ya kushikia bawa likiwa wazi isisahauliwe, maana upepo wa kusi ukilipigapiga bawa ukutani, kazi yote itaharibika.

Mwishowe mbao ipakwe mafuta ya linsidi au rangi, kuanzia kwenye ncha za chini, ambako wengi huruka kwa kuwa hakuonekani. Tahadhari: vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi vikirundikwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vizamishwe kwenye ndoo ya maji.

Kibali kwanza

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi. Kubadilisha sura ya nje ya jengo, ikiwemo kuondoa dirisha la mbao na kuweka la alumini, kunahitaji idhini. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 ndiyo inayolinda maeneo kama haya. Hata kama unakusudia kurudisha dirisha kama lilivyokuwa, fika kwanza kwenye afisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale ukiwa na picha ya dirisha na maelezo ya kazi. Ushauri wa mapema ni rahisi kuliko amri ya kusimamisha kazi baada ya dirisha kung'olewa. Mpangaji naye apate ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kumwita fundi.

Utunzaji wa kila mwaka

Usiba si kufa. Chagua Januari au Februari, mbao zikiwa kavu na mvua za masika hazijaanza. Pangusa vumbi na chumvi kwenye vibao, tia bawaba mafuta, kaza skurubu zilizolegea, choma pembe za chini kwa bisibisi, na upake rangi au mafuta palipochubuka. Ni kazi ya asubuhi moja kwa dirisha moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Mji wa Kale ufa huo aghalabu huwa kwenye pembe ya chini ya dirisha, mahali ambapo mkono wako unafika.