Kujenga ndege ya mfano na mtoto: Fungua dirisha kabla ya gundi

Kiti cha rubani ni kidogo, kinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Mtoto anakishika kwa kibano, anakisogeza kwenye mwanga wa taa, kisha anauliza: "Mbona kina matundu?"

Swali hilo huja mapema kwa familia inayojenga mfano wa Zero, ndege ya kivita ya Japani. Kazi huanzia ndani, kwenye chumba cha rubani, kabla pande mbili za kiwiliwili cha ndege hazijafungwa kwa gundi. Jibu lake ni fupi: matundu yalitobolewa ili kupunguza uzito. Lakini nyuma ya jibu hilo kuna somo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla hajafungua katoni.

Wepesi uliogharimu maisha

Mwaka 1937, jeshi la majini la Japani lilitaka ndege yenye kasi, inayogeuka kwa wepesi na kwenda mbali. Mhandisi Jiro Horikoshi wa kampuni ya Mitsubishi hakuwa na injini yenye nguvu ya kutosha kwa mahitaji hayo yote. Njia iliyobaki ilikuwa kupunguza kilo. Ilitumika aloi mpya ya aluminiamu, nyepesi lakini imara, na vipande vya ndani vikatobolewa kila palipowezekana.

Ndege ya kwanza ilitolewa kiwandani Nagoya ikiwa vipande, ikakokotwa na maksai hadi uwanja wa Kagamigahara. Iliruka Aprili 1, 1939. Ilianza kazi mwaka 1940, ambao kwa kalenda ya Japani ya wakati huo ulikuwa 2600, na jina lake likatokana na sifuri ya mwisho.

Zero iliruka zaidi ya kilomita 3,000 bila kuongeza mafuta, na mwanzoni mwa vita ilizishinda ndege nyingi za wapinzani. Lakini rubani hakuwekewa bamba la chuma la kumkinga risasi, na matangi ya mafuta hayakuwa na utando wa kujiziba yanapotobolewa. Ilipopigwa, ilishika moto upesi. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na kuanzia Oktoba 1944 nyingine zilitumika kwenye mashambulizi ambayo rubani alitumwa kujibamiza kwenye meli ya adui.

Kinga iliachwa ili ndege iwe nyepesi. Mezani nyumbani, kosa hilo halina sababu ya kurudiwa.

Ni kazi ya siku nyingi

Mifano hii ya plastiki ina makao yake makuu katika Mkoa wa Shizuoka, Japani. Kampuni ya Tamiya ilianzia huko mwaka 1946 ikipasua mbao, ikahamia kwenye mifano ya mbao, kisha mwaka 1960 ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki.

Zero ya mwanzo ilikuwa na mabawa ya mita 12. Kwa uwiano wa 1 kwa 48, yaani mara 48 ndogo kuliko ndege halisi, mabawa hayo yanakuwa sentimita 25. Kwa 1 kwa 72 yanakuwa karibu sentimita 17. Kwa anayeanza, mfano mkubwa kidogo ni rahisi kushika, na ipo mingine inayobanwa kwa mkono bila gundi. Soma umri ulioandikwa kwenye katoni.

Mtoto anasoma mchoro, anatafuta namba ya kipande, anakikata kwenye fremu, anakipiga msasa, anakijaribisha bila gundi, ndipo anakigandisha. Vidole vinajifunza utulivu na akili inajifunza kufuata hatua. Akiharakisha, mabawa yanakaa upande. Msimalize kwa siku moja, kwani gundi na rangi zinahitaji muda wa kukauka.

Usalama mezani

Gundi: Ile ya plastiki huyeyusha kingo za vipande ili viungane, na mvuke wake unaweza kuleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Fungua madirisha na uelekeze feni isukume hewa nje. Funika chupa kila baada ya kutumia. Kwa kuwa inashika moto, isikae karibu na jiko, mshumaa wala sigara.

Rangi: Kwa mtoto, chagua rangi ya maji na brashi. Ya kupuliza ni kazi ya mtu mzima, nje ya nyumba. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kemikali.

Kisu: Kata kuelekea mbali na vidole, juu ya kibao. Kisu butu ni hatari zaidi kwa sababu kinasukumwa kwa nguvu na kuteleza. Kwa mtoto mdogo, mzazi ndiye akate.

Vumbi: Lowesha msasa kwa maji ili unga wa plastiki usipeperuke.

Vipande vidogo: Gurudumu la nyuma linaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Pangeni vipande kwenye sahani yenye kingo, na mfagie sakafu kabla mdogo wao hajaamka.

Macho: Kila baada ya dakika 20, mtoto ainue kichwa na kutazama mbali kwa sekunde 20.

Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali. Akimeza gundi au rangi, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Vidole vikigandishwa na gundi kali ya papo hapo, usivivute, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni.

Maswali yatakuja

Ndege hii ilibeba silaha na kuua watu, na mtoto atauliza. Usimfiche wala usimtishe. Mwambie kwa kiasi cha umri wake kwamba ilitengenezwa kwa akili nyingi, ilitumika kuvamia nchi za wengine, na vijana wengi walioirusha hawakurudi kwao.

Huko Chiran, mkoani Kagoshima, kuna makumbusho ya amani yenye Zero iliyoopolewa baharini ikiwa imeliwa na chumvi. Humo pia zimehifadhiwa barua za mwisho za marubani wa jeshi la nchi kavu walioondoka na ndege nyingine katika mashambulizi kama yale. Nyingine waliwaandikia mama zao.

Kazi ya mwisho huwa ni kuloweka stika za duara jekundu majini na kuzitelezesha taratibu juu ya mabawa. Wakati huo kile kiti hakionekani vizuri tena, kimefunikwa na kioo cha plastiki. Mtoto anajua kipo, na anajua kwa nini kina matundu.

Funikeni chupa, mnawe mikono kwa sabuni, na dirisha libaki wazi hadi harufu iishe.