Kwa Nini Seva ya Kituo cha Mbali Hununuliwa Diski Mbili

Mkazi anayesoma hati ya zabuni ya vifaa vya kompyuta huenda akakutana na jambo la kushangaza. Seva moja ya kituo cha afya imeombewa diski mbili, kila moja ya terabaiti 4, ilhali nafasi itakayotumika ni terabaiti 4 tu. Je, fedha za diski ya pili zimekwenda wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linahusu rekodi za wagonjwa.

Diski hizo mbili hufanya kazi kama pacha. Kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine huendelea peke yake na karani wa rekodi hahisi lolote. Mpango huu hujulikana kwa mafundi kama RAID 1. Jina RAID lilienezwa na makala ya mwaka wa 1988 ya watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz.

Mjini, diski ikifa fundi huja na nyingine siku hiyohiyo. Mambo ni tofauti kwa seva iliyo, kwa mfano, kisiwani Pate katika Kaunti ya Lamu. Mashua kutoka Amu hupitia mlango wa Mkanda, ambao hupitika vyema maji yakijaa, na msimu wa kusi bahari huchafuka. Fundi anaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na muda wote huo rekodi za kliniki ya wajawazito, za chanjo na za dawa za kila mwezi zinategemea diski moja iliyobaki. Kwa hiyo, kinachonunuliwa kwa diski ya pili ni muda, na ununuzi mzima unafaa kupimwa kwa swali moja: je, muda huo utatosha?

Hapo ndipo aina ya diski inapokuwa na uzito. Diski za kompyuta za nyumbani ni za bei nafuu, lakini hazikuundwa kuzunguka usiku na mchana mwaka mzima. Tena kuna diski ambazo mistari yake ya data hulaliana kama makuti ya paa, ili zibebe data nyingi zaidi. Ukitaka kubadilisha kuti moja, sharti uyainue yaliyo juu yake. Vivyo hivyo, diski hizo hupungua kasi sana zinapoandikwa mfululizo. Mwaka wa 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za namna hiyo, jambo ambalo wanunuzi wengi hawakuwa wamelijua. Pacha mpya anapowekwa, hulazimika kuandikwa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata diski nzuri, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7 kunakili terabaiti 4. Yenye mistari inayolaliana inaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na muda wote huo hakuna akiba.

Hatari nyingine haionekani kwa urahisi: pacha waliozaliwa pamoja wanaweza kufa pamoja. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zilikuwa na kasoro katika programu iliyomo ndani yake. Zisiporekebishwa, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingepatikana tena. Diski mbili za aina hiyo zilizowashwa siku moja zingefika saa hiyo karibu kwa pamoja, na uakisi usingesaidia chochote. Ndiyo maana ni busara diski mbili zitoke kwa watengenezaji tofauti, au angalau zisiwe za toleo moja la kiwandani, mradi ukubwa wake ulingane. Muuzaji atapendelea kutoa mbili za kisanduku kimoja. Asikubaliwe.

Baada ya diski huja kidhibiti, yaani sehemu inayoamua data iandikwe wapi. Kadi maalumu ya kidhibiti huwa na kumbukumbu yake na mara nyingi betri, ili stima ikikatika ghafla, data ambayo haijafika kwenye diski isipotee. Ni kifaa kizuri mahali penye fundi na vipuri. Lakini kadi ikiharibika, diski zilizo nzima kwa kawaida huhitaji kadi ya jamii ileile ndipo zisomeke, na kadi hiyo huenda isipatikane karibu. Njia ya pili ni uakisi unaofanywa na mfumo endeshi wenyewe, kama Linux ifanyavyo kwa programu ya mdadm. Diski ya namna hii huweza kuhamishiwa kompyuta nyingine yenye Linux na kusomeka. Kwa seva ndogo ya diski mbili iliyo mbali, njia hii ndiyo inayofaa zaidi, na fedha zilizookolewa zinunue UPS na diski ya tatu ya akiba itakayokaa palepale kituoni. Jambo moja husahaulika: sehemu ya kuwashia seva iwekwe kwenye diski zote mbili. La sivyo, ya kwanza ikifa, seva haitawaka ingawa data yote iko salama kwenye ya pili.

Njia ya tatu, ile ya ubao wa kompyuta ya kawaida unaotangazwa kuwa na RAID, haina uimara wa kadi wala wepesi wa mfumo endeshi. Afadhali iachwe.

Yote haya huwa bure iwapo hakuna anayejua kwamba diski ya kwanza imekufa. Pacha mmoja anaweza kufa Januari, wa pili akafa Agosti, na kati yake taa ndogo nyekundu ikawa inawaka ndani ya chumba kilichofungwa. Seva lazima itume ujumbe kwa fundi, na ujumbe huo ujaribiwe kwa makusudi, kwa kuchomoa diski moja kabla seva haijapokelewa rasmi. Inafaa pia iwe na kile kikompyuta kidogo cha ndani kinachomwezesha fundi aliye Mokowe kuiwasha na kuona skrini yake hata ikiwa imezima.

Uakisi pia si nakala ya akiba. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Na kirusi hakichagui pacha. Nakala ya kila siku bado inahitajika, tena ikae nje ya jengo hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inamtaka anayezitunza aweze kuzirejesha kwa wakati pakitokea hitilafu.

Kwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu zabuni kutaja chapa ya kampuni ila pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kinachohitajika, masharti haya sharti yaandikwe kwa maneno: diski za kazi ya saa 24, mistari isiyolaliana, matoleo tofauti, ujumbe wa tahadhari. Mkazi anayehudhuria kikao cha maoni ya umma anaweza kuyauliza moja baada ya jingine.

Kila diski ibandikwe nambari yake upande wa mbele, ili muuguzi anayeelekezwa kwa simu aichomoe iliyokufa na si ile nzima. Nayo iliyokufa isirudishwe kwa muuzaji kwa ajili ya waranti kabla ya kuamuliwa, kwani bado ina majina ya wagonjwa. Mkataba useme tangu mwanzo kwamba inabaki mikononi mwa kaunti na kuharibiwa mbele ya shahidi.